Wasichana wa Chini ya Mwembe

Dada yangu alinipigia simu Jumapili moja jioni, na hata salamu hakuzimaliza.

"Wale watu wamekuja tena."

Sikuhitaji kuuliza ni watu gani. Nawajua tangu nikiwa mdogo. Wanafika nyumbani upande wa Funyula kwa pikipiki, zamani wakiwa na mafaili, siku hizi wana tableti, na wanamuulizia kwa jina lake la shule, jina ambalo hata majirani wamelisahau tangu aolewe. Wakimkosa kwa mumewe wanaenda kwa mama. Wakimkosa kwa mama wanaomba namba. Wakimpata wanakaa naye saa kadhaa: ulikula nini juzi, ulinunua nini mwezi huu, unauza nini, unapata ngapi. Wanashukuru, wanaondoka. Miaka inapita, wanarudi.

"Sasa wewe uliyesoma," akasema, "hebu nieleze. Hawa watu wanatafuta nini kwangu miaka yote hii?"

Hapo kwenye "uliyesoma" pana mwiba, ingawa hakukusudia. Nilitoka chuo kikuu mwaka wa tatu nikiwa na deni la karo, na sikurudi. Sasa hivi naishi Kangemi na ninawaandikia watu vitu kwa malipo: ripoti za warsha, maelezo ya bidhaa, hotuba za harusi. Kuna jamaa nilimwandikia barua ya kumwomba mkewe msamaha, akalipa nusu. Lakini kwetu, mtu akishaingia chuo hata kwa wiki moja, huyo amesoma. Nikamwambia dada nitatafuta. Nikanunua bando, nikaketi kitandani na simu. Nilidhani ni kazi ya usiku mmoja. Ikanichukua miezi, ikanirudisha nyuma hadi mwaka 1925, na mahali penyewe ni karibu kiasi kwamba kutoka kwangu naenda kwa miguu.

Lakini nianze na ya dada.

Mwanzo wa 1998, Busia ilikuwa imetoka kwenye mvua za El Niño. Ukiwa mtu wa Budalang'i au una jamaa huko, huhitaji kuelezwa maana yake. Maji yakitapakaa, vyoo vinajaa, udongo unakaa na unyevu, na mayai ya minyoo yanastawi kwenye udongo kama huo. Watafiti walipowapima watoto katika shule za mwanzo, zaidi ya 9 kati ya 10 walikuwa na minyoo ya aina moja au nyingine: safura, minyoo mirefu, minyoo mjeledi, na kichocho kwa wanaooga ziwani. Kwetu hatukuuita ugonjwa. Mtoto kuwa na tumbo kubwa na kusinzia darasani ilikuwa hali ya mtoto.

Shirika moja la Kiholanzi, likishirikiana na Wizara ya Afya, lilichagua shule 75 za msingi kusini mwa wilaya, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Pesa na watu havikutosha kuanza kote kwa pamoja, kwa hivyo shule ziligawanywa mafungu matatu, 25 kila moja. Fungu la kwanza lilianza kupata dawa 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Mpango huo wa zamu uliwapa wachumi wawili kutoka Marekani, Edward Miguel na Michael Kremer, kitu ambacho watu wa utafiti huota usiku: watoto wanaofanana kila kitu, tofauti yao ikiwa ni nani kameza na nani bado anangoja.

Shule ya dada ilikuwa kwenye fungu la kwanza. Alikuwa darasa la tano, ana miaka 13, kwa maana kwetu watu walianza shule wakiwa wakubwa. Anakumbuka paredi ikirefuka, ndoo ya maji ya kunywa yenye kifuniko, vikombe vya plastiki, muuguzi ameketi kwenye kiti cha mwalimu mkuu. Watoto walipanga foleni. Akafika mbele. Muuguzi akauliza umri, yeye akajibu kwa ukweli, na muuguzi akamwambia asogee kando.

Kando palikuwa na mwembe. Chini yake kulikuwa na wasichana wenzake wakubwa, wa darasa lake hadi la nane, wamesimama na sare zao. Wavulana wa umri huo huo walikuwa wanameza na kwenda zao darasani. Mmoja akapita akicheka, akasema kwa sauti, "Hao ndio wenye mimba."

Jioni habari ikamfikia mama kabla dada hajafika. Mama alikuwa amejifungua, mimi ndiye niliyekuwa mgongoni, na hakuwa ameenda kwenye mkutano wa wazazi ulioeleza habari ya dawa. Alichosikia ni kwamba daktari amewatenga wasichana, na wake yumo. Akamchapa. Dada alinisimulia hilo kwa simu bila uchungu wowote kwenye sauti, vile mtu anavyokuambia bei ya nyanya.

Sababu yenyewe nimeikuta kwenye makala ya wale wachumi, imeandikwa kwa mstari mmoja mkavu. Kanuni za wakati huo hazikuruhusu wasichana wa miaka 13 na zaidi kupewa dawa ile shuleni, kwa kuhofia kwamba kama mmoja ni mjamzito, mtoto tumboni anaweza kudhurika. Basi. Ilikuwa tahadhari. Hakuna aliyepimwa, hakuna aliyeshukiwa. Lakini tahadhari ikitolewa kwenye uwanja wa shule bila maneno inasomeka kama hukumu. Nilipoisoma mara ya kwanza niliweka simu chini, nikatoka nje, nikanunua mahindi ya kuchoma ambayo sikuyahitaji.

Ndipo nikaanza kujiuliza swali ambalo dada hakuniuliza. Nani aliyeamua kwamba dawa, na mambo mengine ya nyumbani kwetu, yapitie shule? Kwa nini si zahanati, si kanisa, si baraza la chifu?

Jibu la haraka ni kwamba shule ziko kila mahali na watoto wamo. Mwalimu yupo tayari, ana daftari la majina, anajua nani hakuja na kwa nini. Kidonge kimoja cha minyoo ni bei ndogo sana. Kinachogharimu ni kumpata mtoto, na shule imeshampata. Jibu hilo ni sahihi, lakini ni la mwaka 1998. Kuna jibu la zamani zaidi.

Ukitoka Kangemi ukavuka barabara ya Waiyaki, ukaingia kwenye miti ya Lower Kabete, utafika Kenya School of Government. Niliwahi kwenda pale kuandika kumbukumbu za warsha ya siku mbili. Chai nzuri, mandazi ya kutosha, bustani zimekatwa kama nywele za bwana harusi. Sikujua nakanyaga nini. Kabla ya kuwa chuo cha watumishi wa serikali, na kabla ya kuitwa Kenya Institute of Administration kuanzia 1961, pale palikuwa Jeanes School.

Jina lenyewe linatoka mbali. Anna Jeanes alikuwa mwanamke tajiri wa Philadelphia, wa madhehebu ya Quaker, ambaye mwaka 1907 alitoa dola milioni 1 kwa ajili ya shule ndogo za vijijini za Wamarekani Weusi huko kusini. Mwaka uliofuata, katika kaunti ya Henrico jimboni Virginia, mwalimu mmoja aitwaye Virginia Randolph akawa wa kwanza kulipwa kutoka mfuko huo. Wazazi wake walizaliwa watumwa. Shule yake ilikuwa chumba kimoja kando ya barabara, na kabla ya kufundisha herufi alikuwa ameshaisafisha, amepaka chokaa, amepanda maua, ameenda nyumba kwa nyumba kuwaona kina mama. Mwaka huo wa 1908 yeye na wanafunzi wake walipanda miti 12, akaipa majina ya wanafunzi wa Yesu. Kazi yake mpya ikawa kuzunguka shule zote za Weusi za kaunti ile akifundisha walimu wenzake vile shule inavyoweza kuishika nyumba mkono: usafi, chakula, ushonaji, bustani.

Nampenda huyu mama. Niseme hivyo mapema, maana kinachofuata hakipendezi sana.

Mwaka 1924 tume iliyogharimiwa na mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani ilizunguka Afrika Mashariki kuangalia elimu. Mwenyekiti alikuwa Thomas Jesse Jones. Alikuwemo pia James Aggrey kutoka Gold Coast, Mwafrika pekee. Jones alikuwa amekwisha kuamua kwamba elimu inayomfaa Mweusi wa Virginia ndiyo inayomfaa Mwafrika wa Kiambu: ya mikono, ya shamba, ya afya ya kijiji. W.E.B. Du Bois, huko kwao Marekani, alimshambulia vikali kwa fikra hiyo. Aliona wazi kwamba watu wanaandaliwa elimu ya kuwaweka walipo.

Serikali ya kikoloni, kwa upande wake, ilifurahi. Mwaka 1925, kwa msaada wa pesa za Carnegie Corporation, Jeanes School ikafunguliwa Kabete, na James Dougall, Mskoti aliyekuwa katibu wa tume ile, akawa mkuu wake wa kwanza.

Hapa ndipo nilipovutiwa, nikiri. Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Misheni zilichagua walimu wao waliokwisha kufanya kazi, wanaume wenye wake, na kuwatuma Kabete kwa kozi ya miaka miwili. Mwalimu hakuja peke yake. Alikuja na mkewe na watoto, wakapewa nyumba ndogo na shamba, na maisha yao yote pale yakawa somo. Nyumba ilikuwa na madirisha ya kupitisha hewa. Choo kilichimbwa mbali na maji. Mume alijifunza kusimamia shule za vijijini, kilimo, afya, hata michezo ya kuigiza ya kufundishia watu wazima. Mke alijifunza kulea mtoto mchanga, kupika chakula chenye nguvu, kushona, kufua, kuwafundisha wanawake wengine. Kozi ikiisha walirudi kwao, mume akawa mwalimu wa kuzunguka: leo shule hii, kesho ile, anakagua daftari na choo kwa jicho lile lile. Mpango ukaenea, Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, ilipata chuo chake cha Jeanes kule Domasi miaka michache baadaye.

Ukiliangalia vizuri utaona kila kitu tunachokiona leo kwenye miradi. Shule kama mlango wa nyumba za watu. Mwalimu anayefanya kazi tatu kwa mshahara mmoja. Mama kama mlengwa. Na wazo kwamba familia ina tatizo ambalo mtu mwingine amekwisha kulitambua, na kilichobaki ni kuileta suluhu kwa upole.

Yule mke wa mwalimu ananisumbua. Hakuchaguliwa kwa sababu yake mwenyewe. Aliingia Kabete kwa cheti cha ndoa, na bila yeye mpango mzima ulikuwa hauna miguu, maana hakuna mwalimu mwanamume angeingia jikoni kwa mwanamke mwingine kumwambia habari ya maji ya kuchemsha. Mabwana wa Kabete walilijua hilo na walilitegemea. Huwa nawaza mmoja wao amerudi kijijini kwake baada ya miaka miwili, amezoea dirisha, mama mkwe anamtazama.

Na wazazi je? Walitaka nini wao?

Walitaka Kiingereza. Walitaka hesabu na cheti. Walikuwa wameona ni nani anakaa mezani na nani anabeba meza, na walijua tofauti haikuwa bustani ya sukumawiki. Walichanga pesa kupitia mabaraza ya wenyeji yaliyoanzishwa miaka hiyo hiyo ya katikati ya 1920, wakataka shule za serikali zenye masomo ya maana. Mzozo wa tohara ya wasichana ulipolipuka 1929 kati ya misheni na Wakikuyu, wengi waliondoa watoto wao misheni na kujenga shule zao wenyewe, zile za KISA na Karing'a. Mwaka 1939 wakafungua chuo chao cha ualimu Githunguri, chini ya Mbiyu Koinange. Matofali yao, senti zao, kuku wao waliouzwa sokoni. Mwaka 1952 hali ya hatari ilipotangazwa, serikali ilizifunga nyingi ya shule hizo.

Mwaka huo huo wa 1952 Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa, na wanawake wakapelekwa Jeanes School hiyo hiyo kufundishwa mambo ya nyumbani ili wakawafundishe wengine kwenye vilabu. Serikali iliviona vilabu hivyo kama njia ya kuwavuta wanawake wasiende upande wa Mau Mau. Kwa hivyo utakuta mkono mmoja unafunga shule aliyoijenga mama mwenyewe, na mkono mwingine unampa mama huyo huyo somo la usafi. Sisemi somo lilikuwa baya. Mtoto aliyeoga ni mtoto aliyeoga. Lakini ukijiuliza kwa nini wazee fulani hushtuka wakisikia "kuna watu wa afya wamekuja shuleni", usikimbilie kusema ni ujinga.

Uhuru ulikuja na shule za harambee, na hapo tuna historia nyingine ndefu ambayo kila mtu ana babu wa kumsimulia. Naruka hadi maziwa.

Maziwa ya Nyayo mama anayakumbuka. Moi alitangaza 1979 kwamba watoto wa shule za msingi watapewa maziwa bure, na mama alikuwa na miaka 11. Kwenye shule yake lori lilikuja likipenda. Barabara ikiwa mbaya, halikuja. Likija, mama alikunywa nusu ya pakiti yake, akakunja pembe kwa uangalifu, akaibeba nyumbani kwa ndogo wake wawili waliokuwa hawajaanza shule. Mwalimu akiwakuta na pakiti kwenye mifuko anawachapa, kwa kuwa maziwa yalikuwa ya mwanafunzi na yanywewe hapo. Walijifunza kuyaficha ndani ya kitambaa cha kichwa. Nikimsikiliza naona mtu wa miaka 11 aliyejua kuliko mpango mzima kwamba njaa haina daftari la mahudhurio. Maziwa yalififia miaka ya 1990 pamoja na pesa za kuyanunulia. Mama hakuwahi kufika sekondari, ila alimaliza darasa la saba, anasoma na kuandika, na mpaka leo ndiye anayeandika majina kwenye chama chao.

Sasa turudi Busia.

Matokeo ya mradi wa minyoo yalichapishwa mwaka 2004. Utoro ulipungua kwa robo hivi katika shule zilizopewa dawa. Alama za mitihani hazikupanda, na watafiti walisema hivyo wazi, jambo ambalo nimewapa heshima. Kitu kingine walichokuta kingewaumiza roho walimu wa Kabete: masomo ya afya yaliyotolewa pamoja na dawa, vaa viatu, nawa mikono, usioge ziwani, hayakubadilisha tabia yoyote iliyoweza kuonekana. Ni rahisi kushangaa. Lakini mtoto wa Budalang'i anaambiwa avae viatu gani?

Mwaka 2001 walijaribu kuwatoza wazazi wa baadhi ya shule pesa kidogo za dawa. Pale ilipokuwa bure, karibu robo tatu ya watoto walimeza. Pale palipotozwa, hawakufika hata mmoja kati ya watano. Pesa yenyewe ilikuwa ndogo. Mimi niliyeacha chuo kwa deni nimesoma sehemu hiyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mambo yaliyofuata yanajulikana. Serikali ilianzisha mpango wa kitaifa wa kutoa dawa ya minyoo shuleni mwaka 2009, ukasimama, ukarudi 2012 na kuwafikia watoto zaidi ya milioni 5 kwa mwaka, walimu ndio wanaogawa. Mwaka 2015 wachambuzi kutoka London waliirudia hesabu ya wale wachumi na kukuta makosa, hasa kuhusu faida kwa shule jirani za mbali, na wasomi wakapigana kwa makala hadi magazeti yakaingilia. Kremer akapata Nobel 2019 pamoja na wenzake wawili, kwa kazi ya majaribio ya aina hii. Na utafiti ukaendelea: waliokuwa wanafunzi, kama 7,500 hivi, wamekuwa wakifuatwa maishani, wanaoa, wanahamia Kampala, wanazaa, wanafuatwa tu. Miaka 20 baadaye waliopata dawa kwa miaka miwili au mitatu zaidi ya wenzao walikuwa na mapato ya saa yaliyo juu kwa asilimia 13.

Hao ndio wale watu wa pikipiki. Dada ni mmoja wa watu 7,500.

Lakini kitu nilichotaka kumpigia nimwambie kilikuwa kingine, na kimo katikati kabisa ya makala ya 2004. Minyoo hii haizaliani tumboni ikaongezeka hapo hapo. Mayai yanatoka na kinyesi, yanaingia kwenye udongo, yanamrudia mtu mwingine. Watoto wengi wakimeza, udongo wa pale unasafika. Kwa hivyo watafiti waliwaangalia pia wale ambao hawakumeza ndani ya shule zilizopewa dawa, na wakakuta nao minyoo imewapungua. Hawakupewa chochote, na bado waliponea kwa wenzao.

Wasichana wa chini ya mwembe walikuwa kwenye hesabu.

Nilimpigia dada usiku, saa ambazo amefunga kibanda chake cha omena. Nikamsomea polepole, nikitafsiri. Akanyamaza muda mrefu hadi nikaangalia kama simu imekatika.

"Kwa hiyo yule kijana aliyenicheka," akasema, "alikuwa ananimezea."

"Kama hivyo."

"Na ile ya mimba, imeandikwa?"

Nikamsomea mstari ule. Akaniambia niusome tena. Halafu akaniuliza kama sasa ni vile vile, maana kitinda mimba wake ana miaka 13, na mwaka huu siku ya dawa shuleni kwao ilipita, na msichana alirudi nyumbani akasema amemeza. Nikamwambia kanuni zilibadilika zamani, mpango wa sasa unawapa watoto hadi miaka 14, wasichana na wavulana, hata wasio shuleni wanaruhusiwa kuletwa. Akasema hilo la wasio shuleni hakuna aliyemwambia, na mtoto wa jirani yake hajasoma mwaka mzima na tumbo lake linaonekana kutoka barabarani. Atamwambia mamake.

Hapa Nairobi naona watoto wa shule za kaunti wakipita Kangemi na bangili za plastiki mkononi, zile za Dishi na County, mpango ulioanza 2023. Mzazi analipa shilingi 5, mtoto anagusisha bangili, anapewa chakula. Jikoni nyuma yake ni za Food4Education, shirika alilolianzisha Wawira Njiru Ruiru mwaka 2012. Ni kitu kizuri na sina neno baya. Ila nikiona bangili huwa namtafuta kwa macho yule asiye nayo, mdogo wake anayemngoja langoni saa saba, na kama kuna kitambaa cha kichwa mahali fulani.

Ilibaki mama. Dada aliniambia nimpigie mimi, yeye hawezi kuanzisha hayo maneno baada ya miaka yote. Nikampigia asubuhi akitoka kukamua. Tukaongea mvua, tukaongea ng'ombe, akaniuliza kama nakula. Kisha nikamweleza. Dawa, umri, tahadhari ya mtoto tumboni, kwamba wote wa miaka 13 waliwekwa kando, hata binti wa mchungaji.

"Hata wa mchungaji?"

"Wote, mama."

Nilisikia ndoo ikiwekwa chini.

"Si wangeandika karatasi," akasema. "Kikaratasi tu, ampe mtoto alete nyumbani. Mimi nilikuwa najua kusoma."